Daftari la Waliolazimishwa

Greffier wetu hakutoa jibu lolote kabla ya kuuliza tarehe. Ungemwambia nyumba yako inaungua, angekuuliza tangu lini. Nilimfahamu miaka kumi na tisa, nimeihesabu kwa vidole kisha nikaihakikisha kwa majirani, na katika muda huo wote sikusikia mtu akimwita kwa jina lake. Alikuwa karani wa tribunali hapa Goma, yule anayeandika wakati hakimu anasema, na ndiyo maana ya neno greffier. Vita ilipoingia mjini Serikali ikaondoka, wakubwa wapya wakakaa kwenye viti vya wakubwa wa zamani na tribunali ikafunga mlango. Yeye akabaki Greffier vilevile. Mlango ni wa Serikali, alisema, lakini kalamu nilinunua mwenyewe.

Kazi aliihamishia kwenye barza yake, kile kibaraza cha mbao mbele ya nyumba, kinachotazama ukuta wa mawe meusi ya volkano. Hapo palikuwa na benchi moja na kiti kimoja cha plastiki. Benchi lilikuwa lake, kwa sababu haki haisomwi juu ya plastiki. Kiti kilikuwa cha mwenye shida. Mguu mmoja wa kiti ulikuwa mfupi, na niliamini hakuutengeneza makusudi: mtu anayeyumba hasemi uongo mrefu. Koti lake la kahawia lilikuwa na vifungo vinne. Vitatu vilifanana.

Niseme mapema kilichonifunga kwake, msomaji asije akadhani nilikwenda kutafuta elimu. Niliogopa kuuawa kisheria.

Mimi ni muuza viazi na maharage. Mizigo yangu inatoka Rutshuru, inapita Kibati, inafika ikiwa imepungua kidogo, nami nabishana na dereva mpaka tunachoka wote wawili. Sikuwa na haja ya cheo. Lakini siku za mwanzo za utawala mpya tuliitwa kwenye uwanja wa shule kuchagua mkubwa wa nyumba kumi wa mtaa wetu, maana wa zamani alikuwa amepanda boti na familia yake yote. Wakauliza nani anataka. Nikainua mkono kuuliza mkutano utaisha saa ngapi, kwa kuwa mifuko yangu nilikuwa nimemwachia mtu nisiyemwamini. Kabla sijafungua mdomo wakaandika jina langu. Watu wakapiga makofi. Nikapewa filimbi.

Hivyo nikawa Chef. Nyumba kumi yangu ina nyumba kumi na tatu. Nimezihesabu mara mbili.

Jioni ileile simu ikalia. Alikuwa shemeji yangu, ndugu wa mke wangu, anayeishi Kinshasa tangu ujana. Habari zilikuwa zimemfikia kabla sijamaliza kula. Akaniambia kwamba Serikali itarudi, na siku ikirudi, kila aliyefanya kazi na adui atashitakiwa uhaini, na adhabu ya uhaini ni kifo. Aliyasema kwa sauti ya mtu aliyekaa mahali penye feni.

Asubuhi nilikuwa kwenye kiti cha plastiki.

“Tuanze na tarehe,” Greffier akasema.

Nikamtajia. Nikamweleza mkutano, mkono, makofi, filimbi. Aliandika taratibu, kisha akavua miwani.

“Mukono ulipanda mpaka wapi?”

“Papa Greffier, ulipanda tu kama mukono.”

“Onyesha.”

Nikaonyesha. Akainuka na kunizunguka, akapima kwa jicho upande huu na upande ule.

“Hii iko chini ya sikio,” akasema. “Chini ya sikio ni kuuliza. Juu ya sikio njo kujitolea. Una shahidi wa sikio?”

Shahidi nilikuwa naye. Mama Furaha, jirani yangu anayekaanga mandazi kwenye kona, alikuwa amesimama nyuma yangu siku ile. Aliitwa, akaja na unga mikononi, akashuhudia kwamba mkono wangu ulikuwa chini ya sikio, na kwamba hata kama ungekuwa juu, mimi ni mfupi.

Ndivyo lilivyozaliwa daftari. Greffier alituambia kwamba uhaini si tusi, ni jengo lenye nguzo tatu. Kwanza awe raia, kwa sababu mgeni akifanya yaleyale anashitakiwa upelelezi, na asifurahi, adhabu ni moja. Pili awepo adui, na kitendo kimsaidie adui huyo. Tatu iwepo nia: mtu awe ametaka, si kwamba amejikuta tu. Ukitoa nguzo moja, nyumba inaanguka. Na aliyelazimishwa kwa nguvu asiyoweza kuikataa, nia hana. Lakini kulazimishwa kwenyewe lazima kuandikwe siku ileile na mbele ya mashahidi wawili, kwa sababu baada ya vita kila mtu atasema alilazimishwa, hata wale waliokuwa wanacheka.

Kwa hiyo yeyote wa mtaa wetu aliyeagizwa jambo na wakubwa wapya alipita kwanza barzani. Alikaa kwenye kiti kinachoyumba na kusema ametumwa nini, na nani, na kwamba hapendi. Greffier aliandika kwa Kifaransa chake cha mahakama, akatusomea kwa Kiswahili, akatia saini peke yake. Sisi hatukutia saini wala hatukuruhusiwa kutazama. Rejista ya tribunali haifunguliwi na mwenye kesi, alisema, na akalikalia daftari.

Watu wa mitaa mingine walikuja kuomba nafasi. Aliwakataa. Kila tribunali ina eneo lake, na lake lilikuwa na nyumba kumi na tatu.

Kesi iliyompa jina ilikuwa ya mandazi. Askari wawili wa wakubwa wapya walizoea kununua kwa Mama Furaha kila asubuhi. Siku moja mwenye duka la sabuni, mwanamume mwenye sauti kubwa na wateja wachache, akamwita muhaini mbele ya watu kwa sababu analisha adui. Mama Furaha alifika barzani akitetemeka, na yule mwenye sabuni akafuata nyuma kuhakikisha anatetemeka vizuri.

Greffier alichukia kusikia neno uhaini kwenye mdomo wa mtu asiyelisomea. Akamkalisha mwenye sabuni kwenye kiti cha plastiki.

“Wewe njo mushitaki?”

“Njo miye.”

“Onyesha basi kama huyu mama ni raia.”

Mwenye sabuni akamgeukia Mama Furaha. Mama Furaha akatoa kadi yake ya uchaguzi, lakini kadi hizo zinafutika, na yake ilikuwa imebaki na nywele tu, uso umekwenda. Karatasi ya uraia alikuwa ameitafuta miaka sita, ofisi kwa ofisi.

“Vizuri sana,” Greffier akamwambia. “Wakikushitaki, mama, itabidi wao njo waitafute. Utaipata bure.”

Halafu akauliza nguzo ya pili, kama askari wale wanauziwa kama wateja wengine. Mama Furaha akaapa: bei ni moja, na nyongeza haitoi kwa mtu yeyote. Hapo Greffier akainua kalamu, akatamka uamuzi ambao nitaukumbuka hata nikisahau njia ya kurudi nyumbani. Kumuuzia mtu mwenye bunduki kwa bei ya watu wote ni biashara. Kumpunguzia ni msaada kwa adui.

Ndipo nilipoanza kuipenda sheria. Wiki nzima sikupunguza bei ya kiazi hata kimoja. Mtu mwenye viatu vizito akija, ninamwambia kwa heshima kwamba mkono wangu umefungwa, kupunguza ni kosa kubwa kwa Jamhuri. Nikaona linafaa, nikalitumia kwa raia pia. Mama mmoja wa Mugunga akaniuliza yeye ni adui wa nani. Nikamwambia bado tunachunguza. Aliondoka na viazi vyake kwa bei yake aliyoitaka tangu mwanzo, sijui alifanyaje, nilihesabu mara mbili baada ya yeye kwenda.

Lakini mtihani wa kila juma ulikuwa salongo. Jumamosi asubuhi maduka yote yanafungwa, kila nyumba inatoa mtu mwenye fagio au jembe, tunasafisha barabara na mifereji. Salongo ni ya zamani, iliendeshwa na kila utawala, ila huu mpya unahesabu vichwa. Mwenye kuhesabu ni mimi. Nikipiga filimbi na mtu asitoke, naulizwa mimi.

Greffier, kwa umri wake, angeweza kusamehewa. Nilimwambia. Alikataa msamaha, kwa kuwa kumwomba msamaha mkubwa asiye halali ni kumkubali kuwa mkubwa. Akakataa pia kutoka kwa hiari. Kilichobaki ni kulazimishwa, na huko alikuwa mgumu kuridhika.

Kila Jumamosi nilisimama mbele ya barza yake. Yeye alikuwa ameshavaa viatu vya mpira, fagio mkononi, amekaa.

“Papa Greffier, salongo imeanza.”

“Hiyo ni habari. Asante.”

“Papa Greffier, nakuomba utoke.”

“Ombi linaweza kukataliwa.”

Nikatazama kushoto na kulia. Mimi nimelelewa kumsalimu mzee nikiwa nimeinama.

“Papa Greffier, ninakulazimisha.”

“Sema kwa nguvu kidogo, Chef. Shahidi hajasikia.”

Nilipiga kelele mpaka mbwa wa nyumba ya nane akabweka. Ndipo aliposimama, akajipangusa koti, akamuuliza Mama Furaha ng'ambo ya njia kama amesikia vizuri, akatoka. Na akitoka alifagia kuliko vijana. Nilipomuuliza kwa nini anajituma hivyo kwa kazi ya kulazimishwa, akajibu kwamba takataka ile ilikuwepo kabla ya wakubwa wapya, kwa hiyo ni mali ya Serikali, na yeye anaitunza.

Serikali aliisema kama mke anavyomsema bwana aliyekwenda mbali kutafuta kazi: hana habari, hatumi kitu, lakini usimtukane mbele yangu. Alikuwa ametumikia miaka thelathini na kitu, akingojea kupandishwa daraja, na barua ya kupandishwa haikufika. Bado aliianza kila siku kwa kuitazama barabara kama mtu anayetegemea tarishi.

Alikuwa na mambo yasiyolingana. Barabara waliyoitengeneza wakubwa wapya hakutaka kuikanyaga. Miezi mitatu alipita pembeni juu ya mawe makali akiwa ameshika koti kama mama anayevuka mto. Mvua zikaja. Siku ya pili ya mvua nikamwona katikati ya barabara ile, ameweka mguu sawa, anatembea kama bwana arusi. Alisimama mbele yangu kabla sijasema neno. Nimelazimishwa na matope, akasema, na aliporudi barzani aliandika.

Redio ya wakubwa wapya hakuisikiliza. Alihamisha benchi lake karibu na ukuta wa jirani aliyekuwa anaisikiliza.

Mara moja tu nilimwona amekasirika kweli. Shemeji alikuwa amepiga simu tena, mimi nikiwa barzani, akaanza ile hotuba yake: kwamba waliobaki Goma wote ni washirika, kwamba mzalendo angekimbia. Greffier akanyoosha mkono, nikampa simu. Alisikiliza muda mrefu. 

“Wewe baba wa Kinshasa,” akasema polepole. “Huku upande mumoja kuna ziwa. Upande wa pili kuna mupaka. Wa tatu ni mulima wenye moto. Wa ine ni barabara ya Sake, na watu walikuwa wanakimbia kutoka huko wakikuya hapa. Unielekeze njia, niandike.”

Shemeji akasema mtandao si mzuri.

“Kukaa si kushirikiana,” Greffier akamwambia. “Hiyo uiandike weye.” Akanirudishia simu na kuomba maji.

Jina langu nilikuwa nalihesabu. Kila nilipokwenda kutamka kwamba nimelazimishwa, nilichora mstari nyuma ya mlango wangu kwa mkaa. Filimbi, salongo, kuita watu mkutanoni, kusoma tangazo: mistari sitini na mmoja. Mwanzoni kila mstari ulinipa usingizi. Kisha ukaanza uvumi kwamba mazungumzo ya wakubwa yamekwenda vizuri, Serikali inarudi, na itakuja na orodha. Siku hiyo mwenye sabuni, ambaye naye alikuwa amepita kwenye kiti mara kadhaa, alinivuta pembeni.

“Chef, tulikuwa bajinga,” akasema. “Ile kaye ya muzee, ile daftari, njo orodha yenyewe. Tarehe, kazi, mashahidi. Tumejiandikisha.”

Nilikwenda kuhesabu mistari yangu. Ilikuwa sitini na mmoja. Nikahesabu tena, nikitumaini nimekosea.

Fikiria: mtu wa nyumba ya tano ameitwa kubeba mbao mara mbili. Mama Furaha ana kesi yake ya mandazi. Mimi ni sitini na mmoja, tena nina filimbi. Hata hakimu mvivu angeanza na mimi. Na nguvu gani basi ilinilazimisha? Hakuna aliyewahi kunielekezea bunduki. Walisema tu, nami nikapiga filimbi. Greffier mwenyewe alitufundisha kwamba woga peke yake hautoshi. Usiku ule na usiku uliofuata sikulala, na mke wangu akaniambia kama nataka kuhesabu nihesabu kimyakimya.

Jumapili baada ya misa nilisikia Greffier anahama. Miguu ilikuwa imemwisha, na dada yake mdogo alikuwa ametuma dereva aje amchukue aende Rutshuru. Nilibeba mfuko wa viazi, vile vyekundu, vikubwa. Nilikuwa nimekwenda kununua karatasi sitini na moja.

Nilimkuta barzani, benchi limeshapakiwa kwenye gari. Yeye mwenyewe alikuwa kwenye kiti cha plastiki, na kwa mara ya kwanza nilimwona anayumba. Nikamuuliza kama anakimbia. Akaniambia Rutshuru iko chini ya walewale, kwa hiyo si kukimbia, ni kubadilisha anwani.

Nikaweka mfuko miguuni pake na kuzunguka kidogo, kama mtu anayefanya biashara. Nikasema daftari ni zito, njia ni mbaya, vizuizi ni vingi. Nikasema nyumbani kwangu kuna mahali pakavu. Yeye akafungua mfuko, akageuza kiazi kimoja.

“Unataka kuiunguza,” akasema.

“Kurasa zangu tu, Papa Greffier.”

“Ngapi?”

“Makumi sita na moja.”

“Umehesabu mara mbili?”

“Mara ine.”

Alilitoa daftari chini ya koti na kunipa. Sikuamini. Nilitegemea kubishana mpaka saa sita. Nikaketi kwenye ngazi na kufungua. Kifaransa changu ni cha stakabadhi, lakini jina langu ninalijua likiandikwa kwa lugha yoyote. Ukurasa wa kwanza, halipo. Wa pili, halipo. Nikaenda mpaka mwisho, nikarudi mwanzo. Jina la Mama Furaha halikuwepo. La mwenye sabuni halikuwepo. Kila ukurasa ulikuwa na tarehe, na kazi iliyofanywa, na “mkaazi mmoja wa mtaa huu”, na chini yake sentensi moja ileile, sitini, sabini, mia: “aliyemshauri akubali ni mimi, greffier.” Na saini yake.

Daftari zima lilikuwa na jina moja. Nilihesabu mara mbili.

“Lakini ulikuwa unatusomea majina,” nikasema.

“Kusoma ni kusoma. Kuandika ni kuandika.”

“Sasa wakiikamata?”

“Tribunali inapenda faili yenye mushitakiwa mumoja,” akasema. “Inaenda haraka. Na miye, kwa umri huu, mpaka wanipeleke mbele ya hakimu, mpaka hakimu apate kiti...” Akautazama mguu wa kiti chake, akauacha mkono ueleze mengine.

Nilikaa pale. Mtu aliyezoea kubishana anajua wakati upande wa pili umelipa kuliko bei, na si wakati mzuri. Dereva alipiga honi. Mama Furaha alikuwa amevuka njia na mandazi ya safari yamefungwa kwenye karatasi, akasimama karibu yetu akiuliza kuna nini.

Nikamwomba Greffier kalamu. Alisita, kwa sababu hakuwahi kumwazima mtu. Nikageuza ukurasa wa mwisho uliokuwa mweupe. Nikamwita dereva ashuke, maana mashahidi lazima wawe wawili.

“Unafanya nini, Chef?”

“Ninaandika kama wewe haukushauri mutu. Sisi tulikuja kila juma, nyumba kumi na tatu, tukakukalia hapa barzani, tukakukataza kupumzika mpaka uandike. Haukukuwa na nia. Ulilazimishwa.”

Alinitazama juu ya miwani. Nilidhani atalichukua daftari lake. Badala yake alifunga kifungo cha nne, kile kisichofanana, akanyoosha mgongo kadiri kiti kilivyomruhusu.

“Tuanze na tarehe,” akasema.

Nikaandika tarehe. Kisha nikasimama mbele yake, Mama Furaha kulia, dereva kushoto.

“Papa Greffier, tulikulazimisha.”

Akaweka mkono nyuma ya sikio.

“Sema kwa nguvu kidogo,” akaniambia. “Shahidi hajasikia.”